Hali ikiwa ngumu, Serikali ianze kumlipa nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninauza dagaa na kayabo (sangara wa chumvi) pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu vyuma vikaze, kijiwe chetu cha chai kimegeuka bunge. Mmoja anasema Serikali isimamishe miradi mikubwa yote, reli na madaraja, pesa ikashushe bei ya mafuta na unga. Mwingine anasema hapana, ijenge zaidi ili vijana wapate vibarua. Wa tatu wimbo wake ni mmoja: futeni semina, uzeni mashangingi. Kwenye kata yetu nako ni hivyo hivyo. Kuna boma la zahanati limesimama kwenye lenta, bila paa, kuna barabara ya mlimani haipitiki mvua ikinyesha, na kuna akina mama wanangoja mikopo ya halmashauri. Mwenyekiti wetu wa mtaa ameniomba niende naye kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata. Nani ana haki, na mimi nikaseme nini? Na je, ni sawa watupandishie ushuru wakati kama huu? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukuvunja moyo kidogo. Hao wabishi wenu watatu wanagombania hotuba ya bajeti, na wakati wa shida vipaumbele vya Serikali havikai kwenye hotuba.

Kila Juni Waziri wa Fedha husimama Dodoma na kutaja trilioni. Mwaka wa fedha 2024/25 zilikuwa 49.35, wa 2025/26 zikawa 56.49. Watu huzisikia kana kwamba pesa hizo zimekwisha kuwekwa sandukuni. Ni makadirio. Tangu mwaka 1996 Hazina yetu hutumia kile kinachopatikana: fedha hutolewa kwa awamu, mwezi kwa mwezi, kadiri makusanyo na mikopo inavyoingia. Inapoingia, deni la Serikali ndilo la kwanza. Hilo hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina na wala wabunge hawalipigii kura. Kisha mishahara, maana hakuna serikali inayotaka kuamka na walimu na manesi wasiolipwa. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya uendeshaji wa ofisi, ambao kwenye vitabu vya bajeti huitwa matumizi mengineyo, na miradi ya maendeleo.

Sasa makusanyo yakishuka nini hutokea? Hakuna anayesimama bungeni kusema, "Waheshimiwa, tumeamua kuiacha zahanati ya kata fulani." Halmashauri inaomba milioni mia, inapata thelathini, au haipati kitu, na mwezi unapita. Barua ya maelezo haiji. Mkandarasi anaambiwa avute subira, dawa zinaagizwa nusu, na gari la wagonjwa linawekewa mafuta ya siku kumi. Hapo ndipo kipaumbele kinapoamuliwa, kimyakimya, na mtu anayechagua malipo ya nani yapite wiki hii na ya nani yasubiri. Kwa hiyo swali lenu, la Serikali ijenge au isijenge, mimi ningeligeuza hivi: pesa ikiwa haitoshi, nani asicheleweshwe?

Jibu langu, ambalo wenzangu wengi hawalipendi kwa sababu halina utepe wa kukata, ni hili: wa kwanza ni yule ambaye amekwisha kuifanyia Serikali kazi na anaidai.

Chukua mfano wa kutunga, ingawa kwa miaka niliyokaa kwenye ofisi za mipango za Kanda ya Ziwa nimeona mafaili mengi ya aina hiyo. Mzabuni analisha shule ya bweni mahindi na maharage. Anaidai milioni 12. Yeye mahindi aliyachukua kwa mali kauli kwa mfanyabiashara wa nafaka Igoma, na huyo wa Igoma aliyakusanya kwa wakulima wa Kwimba na Magu akiwaahidi "wiki ijayo". Miezi sita inapita. Mzabuni anasimamisha lori lake, dereva na wapakiaji wawili wanakaa nyumbani. Wa Igoma anapunguza oda. Mkulima wa Kwimba anashindwa kununua mbegu kwa wakati, anauza mbuzi. Mzabuni, ili shule isimfute kwenye orodha, anaingia mikopo ya kausha damu kwa riba ya mwezi ambayo hakuna biashara halali ya nafaka inayoweza kuibeba. Na nyumbani kwake kayabo wanaacha kununuliwa, hapo ndipo wewe unapoingia kwenye hadithi. Kama angekuwa ameuza saruji au samani, hali ingekuwa mbaya zaidi: ankara imekwisha kutoka, kwa hiyo mamlaka ya kodi inadai VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yake, ilhali ofisi ya umma iliyonunua haijatoa senti.

Ukiilipa hiyo milioni 12 leo, hakuna zabuni ya kutangaza, hakuna mchoro, hakuna tathmini ya mazingira, hakuna mtaalamu mwelekezi. Kazi imekwisha kufanyika. Pesa inatua Igoma kesho na Kwimba kesho kutwa. Ukitafuta njia ya haraka ya kuingiza fedha kwenye mzunguko wa mkoa huu, hutaipata ya haraka kuliko hiyo. Kuna na faida ya pili ambayo haisemwi sana. Wafanyabiashara wote wanajua Serikali huchelewa, kwa hiyo huweka ucheleweshaji huo ndani ya bei. Gunia lile lile lina bei ya sokoni na bei ya serikalini. Mlipaji akiwa mwaminifu kwa mwaka mmoja tu, bei hiyo ya pili inaanza kushuka, na shule ile ile inapata maharage mengi zaidi kwa pesa ile ile.

Mtaniambia kuna madeni hewa. Yapo, na lazima yahakikiwe. Lakini nimeona pia neno "uhakiki" likitumika kumpiga danadana mtu mwenye hati zote mkononi, miaka miwili, mpaka duka lake likafungwa. Uhakiki usio na tarehe ya mwisho ni njia nyingine tu ya kutolipa.

Kabla sijawaendea wabishi wenu mmoja mmoja, tuwekane sawa kuhusu hiyo hali ngumu. Takwimu za taifa zinasema uchumi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024. Hata mwaka 2020, wa korona, ukuaji ulishuka chini ya asilimia 5 lakini haukwenda hasi. Hiyo haina maana kwamba unaota. Dhahabu ikipanda bei duniani, Geita inavuta wastani wa taifa juu. Wanunuzi wa Kongo wakiacha kuja Kirumba, wastani huo hausikii maumivu. Machi na Aprili 2020 ndege ziliposimama, minofu ya sangara ilikosa njia ya kwenda Ulaya, viwanda vya Mwanza vikapunguza kununua na bei mialoni ikaanguka, wakati mtu wa Njombe anayelima viazi huenda hakuona tofauti kubwa. Mdororo wa ziwa ni wa ziwa. Hautibiwi kwa dawa ya nchi nzima, na hili litakusaidia kumjibu yule wa kwanza.

Yeye anataka miradi mikubwa isimame. Mpeleke Kigongo. Daraja lile la takriban kilomita 3 hadi Busisi lilianza kujengwa 2020, likapita katikati ya korona na katikati ya bei mbaya za mafuta za 2022, likafunguliwa Juni 2025. Liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Tuseme 2022 Serikali ingesikiliza kijiwe na kulisimamisha. Tungebaki na nguzo ndani ya maji, mkandarasi akiwa anadai fidia ya mitambo iliyokaa bure, na mgonjwa wa Sengerema akiendelea kusubiri feri ili afike hospitali ya Bugando. Mradi ulioachwa katikati hula pesa bila kurudisha chochote. Kwa hiyo ulio karibu kwisha umaliziwe, hata kama tusingeuanza leo.

Reli ya kisasa, SGR, kutoka Mwanza kwenda Isaka ni habari nyingine kidogo. Ni kilomita 341 kwa zaidi ya shilingi trilioni 3, na jiwe la msingi liliwekwa Misungwi Juni 2021. Mimi naiunga mkono. Ila naomba tuache kuiita dawa ya hali ngumu. Vichwa, mabehewa na reli zenyewe vinatoka nje, mitambo mingi inatoka nje, na dizeli ya mitambo hiyo ya ujenzi inatoka nje. Shilingi nyingi za mradi wa aina hiyo zinavuka mpaka kabla hazijanunua sahani ya ugali Misungwi. Reli tuipime kama reli: itabeba mzigo gani, kwa bei gani, kwa miaka hamsini. Mwaka ambao mapato yameyumba, awamu mpya ya mradi kama huo inaweza kungoja bila dhambi. Tofauti kati ya kuanza na kumalizia ni kubwa kuliko tofauti kati ya reli na zahanati, na ndiyo hiyo mbishi wenu ameikosa.

Hoja yake ya pili, ruzuku ya mafuta, tumewahi kuijaribu. Juni 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilitoa bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei za pampu, ikaendelea kwa miezi kadhaa. Agosti mwaka huo huo, siku ya Nanenane, ikazinduliwa ruzuku ya mbolea ya bilioni 150. Nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili, nachagua mbolea bila kufikiri mara mbili. Ruzuku ya mafuta inafika haraka, na mwenye mtumbwi wa injini anaiona siku hiyo hiyo, hilo sikatai. Lakini anayeifaidi zaidi ni anayechoma lita nyingi zaidi, na mwenye mashangingi matatu anachoma kuliko mwenye mtumbwi. Tena ruzuku ya pampu ni rahisi kuianza na ngumu kuitoa. Miezi mitatu, minne, sawa. Zaidi ya hapo inaanza kula pesa za dawa.

Yule wa pili, wa vibarua, ndiye aliye karibu nami zaidi, kwa masharti. Na hapa nitakaa kidogo, maana Mwanza ina jambo lake.

Jiji letu liko juu ya mawe. Panda Mabatini, Igogo au Bugarika uone barabara fupi za mlimani zilizotandikwa mawe. Kazi yake inakwenda hivi. Jabali linapasuliwa, mara nyingi kwa moto na nyundo, na watu wale wale ambao kila siku wanauza kokoto kando ya njia. Mawe yanachongwa upande mmoja uwe bapa. Njia inachimbwa na kusawazishwa, kamba inavutwa, mchanga unamwagwa, kisha jiwe linawekwa kwa mkono, linagongwa, linapimwa, linawekwa la pili. Mtaro unajengwa pembeni, maana bila mtaro maji ya masika yatang'oa kila kitu kwa msimu mmoja. Hakuna lami inayoagizwa ng'ambo, hakuna greda. Saruji kidogo kwenye mitaro, basi. Pesa karibu yote inageuka ujira ndani ya mtaa ule ule, na jioni inakwenda kwa mama lishe, kwa fundi baiskeli, na kwako. Linganisha na kipande cha lami cha gharama ile ile: lami ya nje, dizeli ya nje, mtambo wa kukodi, vijana wachache wa kushika vibendera.

Kasoro zipo. Mawe yanafaa barabara fupi zenye mwinuko, si barabara kuu. Kazi ni ya polepole na inataka msimamizi mkali, kwa sababu jiwe likikaa vibaya linaonekana baada ya mvua, si siku ya makabidhiano. Na kibarua alipwe kila baada ya wiki mbili. Akicheleweshewa miezi mitatu, maana yake ni kwamba mtu asiye na kitu ndiye anayeikopesha Serikali.

Tumeona pia njia ya madarasa. Septemba 2021 nchi ilipata mkopo wa dharura wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa dola milioni 567, na mpango wa shilingi trilioni 1.3 ukazinduliwa Oktoba. Humo kulikuwa na madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, yakijengwa na mafundi wa mtaani chini ya kamati za shule badala ya makampuni makubwa. Kama namna ya kuingiza pesa vijijini kwa kasi, hiyo ilikuwa moja ya kazi nzuri ambazo nchi hii imefanya. Ubaya wake ni kwamba wote walijenga mwezi mmoja: saruji, mbao na fundi mzuri vikagombaniwa, na aliyechelewa kununua akaona milioni 20 zinaishia kwenye lenta. Kwa hiyo nikisikia "ijenge zaidi", nauliza: kwa mikono ya nani, na je, kila halmashauri itakwenda dukani siku moja?

Kwa kaya zilizo chini kabisa, kibarua kizito si jibu kwa kila mtu. Bibi anayelea wajukuu watano hawezi kugonga mawe. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tayari ina orodha ya kaya maskini na ina utaratibu wa ajira za muda. Hali ikibana, kuongeza siku za kazi au kiasi cha ruzuku kwenye orodha iliyopo ni haraka kuliko kubuni mpango mpya wenye jina jipya, nembo mpya na uzinduzi.

Wa tatu, wa semina. Ana haki kimaadili, hana haki kihesabu. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba, na bilioni 4 zilizookolewa zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Watu walishangilia na mimi nilishangilia. Lakini bilioni 4 ni bilioni 4. Kwenye bajeti ya trilioni ni tone. Kufuta anasa kunasaidia kwa sababu huwezi kumwambia mama wa Mwaloni akaze mkanda huku wewe unalegeza wako. (Wenye hoteli za Mwanza watanilaumu, maana semina ndizo zinazowajazia vyumba katikati ya wiki. Nao wana wahudumu wa kulipa.) Hatari iko kwingine. Amri ya "kubana matumizi mengineyo" ikishuka kutoka juu, haichagui chai na vitafunwa. Kwenye kifungu kile kile kuna dizeli ya gari la wagonjwa, gesi ya jokofu la chanjo na posho ya daktari anayepanda boti kwenda kisiwa cha Ukara. Mwenye sauti ofisini huokoa safari yake. Jokofu halina sauti. Kwa hiyo mkitaka kubana, tajeni kwa jina vitu vya kukatwa, na vitu visivyoguswa.

Kuna na msemo wa watu wa kubana: familia ikipungukiwa hupunguza matumizi, Serikali nayo ifanye hivyo. Mwalimu mwenye mshahara akiacha kununua sangara, mshahara wake hauguswi. Serikali ikiacha kununua, wanaopungukiwa ni wale wale wanaoilipa kodi na ushuru, na mwakani makusanyo yanashuka tena. Hilo liliwekwa wazi na mchumi Keynes wa Uingereza katika miaka ya 1930. Ila tusilivae lote kama lilivyo. Uingereza ilikuwa inajikopesha kwa fedha yake na kununua vya kwake. Sisi tukitumia bila mpaka, sehemu kubwa inageuka mafuta na mitambo ya kuagizwa, dola zinaadimika, na riba ya deni inapanda mpaka inaanza kusukuma kila kitu kingine nje ya meza. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa walifika pabaya: Juni 2024 Kenya, ikiwa imebanwa na deni, ilitaka kuongeza kodi katikati ya ugumu wa maisha, vijana wakaingia barabarani, Kisumu wakiwemo, na Rais Ruto akauondoa muswada ule tarehe 26. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa malipo kuliko ukubwa wa bajeti. Mpangilio tunaweza kuubadili bila kukopa senti.

Kuna matumizi ambayo kuyakata ni kujidanganya, na tuna historia yake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikiwa juu na mazao hayana bei, nchi ilikauka. Wazee wa Mwanza wanakumbuka foleni za sabuni na khanga. Katika kukaza mkanda miaka ya 1980, kilichokuwa rahisi kukata ni matengenezo, kwa sababu barabara haipigi kelele mwaka wa kwanza inapoachwa, wala wa pili. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990, ikabidi kuijenga upya mitandao mizima kwa mikopo na misaada ya mamia ya mamilioni ya dola. Shuleni nako wazazi walirudishiwa ada na michango, uandikishaji wa shule za msingi ukashuka kwa miaka mingi, na ada ikaja kufutwa 2001. Watoto waliokosa darasa kipindi kile leo ni watu wazima wenzako hapo sokoni, na hakuna bajeti ya nyongeza iliyowarudishia miaka hiyo.

Kosa la upande wa pili pia tumelionja. Juni 2009, mtikisiko wa fedha duniani ulipoangusha bei ya pamba, Serikali ya Rais Kikwete ilitangaza kifurushi cha shilingi trilioni 1.7. Nia ilikuwa njema na ukubwa wake ulitosha. Lakini sehemu kubwa ilipitia kwa makampuni ya ununuzi na mabenki, kufidia hasara na kuahirisha mikopo, na baadaye maswali yakaibuka bungeni kuhusu nani hasa alilipwa. Mkulima wa Usukumani yeye alikuwa mwisho wa mstari.

Sasa twende kwenye kata yako, maana kikao hakitasubiri nadharia. Nusu ya ubishi wenu huko ni wa bure, kwa sababu vitu hivyo vitatu havitoki kwenye mfuko mmoja.

Mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu wa marejesho na vikundi hewa, ikarudi 2024. Kata haina mamlaka ya kuihamishia kwenye boma. Unachoweza kupigania ni nani anaipata. Wateja wakiwa hawana pesa, mkopo wa kufungua kibanda cha tano cha chipsi kwenye mtaa wenye vinne hauzai kitu zaidi ya deni la kikundi. Kwanza wapewe wenye oda mkononi: kikundi kinachoshona sare za shule zilizokwisha kuagizwa, wanaosindika dagaa kwa mnunuzi anayejulikana.

Barabara ya mlimani si ya mkurugenzi wako. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wake, TARURA, na tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 za ziada kwa ajili ya barabara hizo. Umezilipa kila ulipopanda bodaboda. Kwa hiyo swali hilo lielekezwe kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na ombi liwe dogo na mahususi: mita kadhaa za mawe pale panapoteleza, mtaro, na vijana wa mtaa ndio wafanye kazi. Ombi la "tunataka lami" litakaa kwenye faili miaka kumi.

Linabaki boma. Hapo ndipo nguvu ya kata inahesabika kweli. Lipo kwenye lenta, maana yake jasho la wananchi limo, na kila msimu wa mvua ukuta usio na bati unapoteza kitu. Kwa kanuni yangu ya kumalizia, ningesema limalizwe kabla ya lingine lolote kuanzishwa. Ila uliza jambo moja kabla ya kunyoosha mkono: likishapauliwa, nani atakaa ndani? Muuguzi huletwa kwa kibali cha ajira cha Serikali Kuu na dawa hutoka Bohari ya Dawa. Kama Mganga Mkuu wa Wilaya hajaliweka jengo hilo kwenye mpango wake wa watumishi na dawa, mtakuwa mmemaliza stoo. Mpate kwanza kwa maandishi, kisha pigeni bati. Kama hawezi kuandika, basi mwaka huu pauweni tu ili jengo lisife, milango na marumaru vingoje.

Na ukiwa hapo kikaoni omba hati moja ambayo watu wengi hawaiombi. Si taarifa ya mapato na matumizi peke yake, hiyo watakusomea hata bila kuombwa. Omba orodha ya madeni ya halmashauri kwa wazabuni na mafundi, ikionyesha kila deni lina umri gani. Ukiona fundi wa kata yenu anadai tangu mwaka juzi huku kuna mradi mpya unaombewa fedha, una hoja yako. Usiitoe kwa ukali; diwani wako huenda naye hajawahi kuiona.

Kuhusu ushuru, hapana, si wakati wa kupandisha viwango. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, ilitufundisha upesi: watu wakarudi kubeba keshi, na Serikali ikapunguza viwango mara kadhaa. Ukipandisha ushuru wa mwalo, mzigo utashushwa usiku kwenye mialo isiyo na mkusanyaji, na mapato yatapungua badala ya kuongezeka. Lakini msiende pale kudai mfutiwe, kwa sababu ushuru huo huo ndio unaolisha ile asilimia 10 na ndio utakaonunua bati la zahanati. Pendekezo ninaloweza kulitetea mbele ya mkurugenzi yeyote ni kiwango kibaki kilivyo, na kila gunia litoke na risiti ya mashine. Wewe mwenyewe unajua, kuliko mimi, ni magunia mangapi yanatoka pale bila risiti.